Itatetemeka Yenyewe, Baba

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mgongo wako na lile goti la kushoto lenye kiburi. Mimi sijambo, ila macho yamenivimba kwa kutazama kompyuta kutwa, na kahawa ya hapa ofisini ina ladha ya sufuria.

Simu niliyokutumia najua umeshaizoea. Usione ni ya bei ndogo ukadhani nimekufanyia ubahili, nimeichagua makusudi. Tunatengeneza programu ya baruapepe kwa ajili ya simu janja, na watu tunaowalenga ndio hao wenye simu kama yako. Baruapepe za kawaida hukaa kwenye seva, ile kompyuta kubwa inayotunza barua za watu, mpaka simu yako ikumbuke kwenda kuuliza, "Jamani, kuna changu?" Isipokumbuka, barua inalala huko huko. Ya kwetu haisubiri kuulizwa. Barua ikifika tu, seva inaisukuma mpaka kwako, na simu inatetemeka mfukoni mwa aproni hata kama mashine ya kunyolea inanguruma.

Nimekuchagua uwe mjaribuji wangu kwa sababu masikio yako yameshachoka na simu za kupiga, na kwa sababu hujawahi kunisifia bure. Kwa hiyo tuandikiane humu humu, kila barua ni jaribio. Mkuu wetu wa kazi ametupa mpaka mwisho wa Mei. Tukishindwa, kikosi chetu kinavunjwa na kazi yote inatupwa.

Jambo la mwisho, na usikunje uso: nimempa kaka anwani yako. Sijamwambia aandike. Nimempa tu.

Ni mimi,
Binti yako


9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Huku hatujambo, yaani mimi na kiti changu. Goti limesikia ulivyolisema, limenuna tangu asubuhi.

Barua yako nimeiona leo, na haikutetemeka. Nilikuwa natazama saa, nikasema ngoja nichungulie, nikaikuta imekaa kimya kama mgeni anayeogopa kupiga hodi. Nikasema lo, binti yangu amesoma miaka yote hiyo kuja kuajiri tarishi bubu! Usikasirike. Umesema hutaki sifa za bure.

Kuhusu huyo kaka yako, sina la kumwambia. Alisema mbele ya wateja kwamba hatashika mashine ya kunyolea hata nikifa, nami nikamjibu mbele ya hao hao kwamba akitoka mlango ule asirudi mpaka nimwite. Mtu alikuwa kitini na povu kidevuni, hajui atazame wapi. Miaka sita sasa. Hasira hasara, najua, huna haja ya kunikumbusha. Lakini yeye naye, mbona alijua kutoka?

Hata hivyo, akiandika, simu itatetemeka kama kwa barua zako, au yake itakuwa na mtetemo mwingine? Nauliza tu.

Baba yako


21 Machi

Baba,

Shikamoo. Habari za tangu siku zile? Goti limeshasamehe? Mimi naumwa kichwa, na ugonjwa wenyewe ni simu yako.

Tuna watu wengi wanaotujaribia, na simu zao zote zinatetemeka isipokuwa yako. Seva inaniapia kwamba imesukuma kila barua. Simu yako inasema haikuona mtu. Hapo katikati barua zinapotelea wapi, sijui. Mwenzangu mmoja tunamwita Betri, kwa kuwa kazi yake ni kuhakikisha programu haili chaji. Ameipekua kazi yangu mstari kwa mstari, hakuona kitu. Mkuu naye alikuja akasimama nyuma ya kiti changu, akasema simu moja isiyopokea ni maelfu ya wateja wasiopokea. Hakupaza sauti. Heri angepaza.

Nijibu haya kwa ukweli, sitakucheka. Unazima simu mchana? Unazima mtandao ili kubana matumizi? Kuna kitufe chenye picha ya betri, umekigusa?

Baba, nimechoka. Nimejitapa kwa kila mtu kwamba nitaliweza hili. Nikilala naota barua zinazunguka nyumba hazioni mlango.

Binti yako


2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na pole kwa kichwa. Kula. Mtu hafikiri kwa kahawa peke yake.

Sizimi simu. Mtandao uko wazi mchana kutwa. Kitufe cha betri nimekitafuta, nimekiona, sijakigusa, na sasa nakiogopa. Simu yako naitunza kama ninavyotunza kiti changu, haikai na uchafu.

Ila ujue imeanza kuniharibia kazi. Juzi nilikuwa namnyoa mwalimu mkuu wa shule ya jirani, nikahisi paja linatetemeka, mkono ukaruka. Sasa mwalimu ana kipara cha ukubwa wa kizibo nyuma ya sikio, na wala haikuwa simu, lilikuwa paja langu tu. Aliniuliza, "Mzee, unangoja nini siku hizi?" Nikamwambia nangoja barua ya binti yangu. Umri huu, nikamdanganya mwalimu.

Hajaandika, sivyo?

Baba yako


14 Aprili

Baba yangu kipenzi,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo! U mzima? Mimi leo ni mzima kuliko wazima wote. Tumeipata!

Ni hivi. Programu ikikaa muda mrefu bila kazi inasinzia, na simu za bei ndogo zikiona imesinzia zinaiacha ilale moja kwa moja. Sasa tumeifundisha kukesha. Nimeijaribu hapa ofisini kwenye simu pacha ya yako, sikuigusa kutwa nzima, na kila barua ilipofika ikatetemeka. Betri alicheza katikati ya meza. Toleo jipya limeshaingia kwenye simu yako.

Sharti langu ni moja: usichungulie. Ukifungua programu kila saa, barua zinaingia kwa sababu umefungua, nami sitajua kama zilisukumwa. Iache itetemeke yenyewe. Jioni ukishafunga duka ndipo uifungue, uhakikishe. Lakini mchana isipotetemeka, ujue hakuna barua. Niamini.

Na sasa kaa kitini. Kaka ameniandikia. Siku hizi anaendesha lori la mizigo. Anataka kukuandikia, ila anaogopa: barua isipojibiwa, atajuaje kama hukuiona au umeikataa? Nimemtoa hofu. Nimemwambia hii programu nimeitengeneza mimi, barua ikitumwa inafika papo hapo, na simu ya Baba haitoki mfukoni. Akasema basi, ataandika. Lini, hakuniambia, na ameniomba nisikuambie zaidi ya haya. Nami nimekuambia haya tu.

Binti yako


23 Aprili

Mwanangu,

Leo salamu sina. Nisamehe.

Jana kaka yako aliniandikia. Nakunakilia kama alivyoandika:

"Baba, shikamoo. Nimepita na lori, nipo kituo cha mafuta pale njia panda. Naondoka alasiri. Sitaki kukusimamia mlangoni mbele za watu kama siku ile, ulisema nisirudi mpaka uniite. Basi niite. Niandikie neno moja tu, njoo, nakuja hata kwa kukimbia. Ukinyamaza nitakuwa nimekuelewa, na sitakusumbua tena."

Barua ilitumwa asubuhi. Niliifungua jioni, nimeshafunga duka, kama ulivyoniagiza. Mchana kutwa simu ilikuwa mfukoni mwa aproni na haikutetemeka. Nikawa najiambia moyoni hakuna barua, binti yangu amesema isipotetemeka hakuna barua. Nilitamani kuchungulia, mwanangu. Nilikuwa nauweka mkono mfukoni nautoa. Sikutaka kukuharibia kazi.

Nilikwenda na aproni hivyo hivyo. Lile goti halikusema neno. Lori halikuwepo. Anayejaza mafuta ameniambia palikuwa na dereva amekaa juu ya tairi kuukuu tangu asubuhi, anatazama simu, anaiweka, anaitazama tena. Walimpa chai ikapoa mkononi. Akasema dereva huyo alikuwa na msitu wa nywele mpaka wakamtania kwamba labda lori lake halipiti penye vinyozi. Unaelewa maana yake? Mtoto wa kinyozi hazuruli na nywele hizo kwa bahati mbaya. Amezifuga aje nimkate mimi.

Nimemwandikia njoo. Nimeandika tena na tena, njoo, njoo, kama mwehu. Hajibu.

Niambie ni nini kilichotokea, maana mimi sioni. Chaji ilikuwepo. Mtandao ulikuwa wazi. Hata kuifagia, jana niliifagia vizuri kuliko siku zote, ili barua yake ikija ikute nafasi. Si unajua ile, muuza simu wa jirani alinionyesha siku ya kwanza: unaviita vile vidirisha vyote vilivyobaki wazi, unavisukuma juu kwa kidole, kimoja kimoja, mpaka kioo kinabaki kitupu. Kila mteja akiondoka nafagia nywele, kisha nafagia simu. Kwa hiyo uchafu haukuwepo. Sasa ni nini?

Baba yako


6 Mei

Baba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kunyamaza siku zote hizi. Nimeandika nikafuta, nimeandika nikafuta. Umekula? Unalala?

Kasoro tumeipata, na ni yetu. Programu yetu haikuwa imara, basi. Mimi ndiye niliyekukataza kuchungulia. Mimi ndiye niliyemwapia kaka kwamba ukimya wako ni jibu. Ungeachwa ufanye unavyotaka, ungeiona barua asubuhi ile ile. Naomba ulishike hilo na usitafute lingine.

Nilipowaeleza wenzangu kasoro yenyewe, walipiga makofi. Betri alinikumbatia. Tulikuwa tumeitafuta tangu Machi, na sasa tunajua pa kurekebisha, kazi imepona. Mkuu akaagiza soda kwa wote. Nikatoka nikaenda kukaa kwenye ngazi za nyuma, nikalia mpaka mama anayesafisha jengo akaniuliza kama nimefiwa.

Kaka nimemtafuta. Barua zangu zinarudi, anwani ile ameifunga. Nimewapigia wenye lori, wanasema alishusha mzigo, akarudisha funguo, akaaga. Hawajui alikokwenda. Marafiki zake wawili ninaowajua hawajamsikia. Nitaendelea kutafuta. Iliyobaki wazi ni anwani yako tu, na hiyo anaijua.

Kuna jambo moja dogo, wala si la maana: kuanzia sasa usiifagie tena simu. Toleo hili jipya lina desturi zake.

Binti yako


12 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nakula kidogo, nalala kidogo, usiwe na shaka.

Kudanganya hujui, na hujawahi kujua. Ulipokuwa mdogo ukivunja kitu ulikuwa unakuja kunisifia shati. "Jambo moja dogo, wala si la maana." Niliposoma hapo nilivua aproni nikaenda kwa muuza simu, nikamwomba anieleze kidole changu kinafanya nini hasa ninapofagia. Akanieleza huku anahudumia wengine, hajui anachonieleza. Kumbe ni kuizima kabisa, isisikie wala isione mpaka niifungue tena kwa mkono wangu. Yaani kila mteja aliponyanyuka nilimfukuza tarishi wako mlangoni, kisha nikasimama kumngojea.

Nilikaa kwenye benchi la yule muuza simu, sikuweza kuinuka. Akadhani ni goti, akaniletea maji.

Sikulaumu. Uliniuliza mengi, hilo hukuliuliza. Nami sikulisema kwa sababu ni nani anayesimulia kwamba amefagia? Umekulia kwenye sakafu ile, ulichezea nywele za watu kabla hujajua kutembea. Ungesimama mlangoni kwangu siku moja tu ungeniona, na mambo yangekuwa mengine. Lakini hukuwepo, na kaka yako hakuwepo, na mimi nilikuwa naongea na simu.

Sasa ufagio wenyewe umenishinda. Jana mteja alikanyaga nywele za watu waliomtangulia, akauliza, "Mzee, siku hizi unazifuga?" Nikacheka naye. Alipoondoka nikakaa kwenye kiti chake, nikajitazama kiooni, nikaona mzee aliyemwita mwanawe akiwa amechelewa miaka sita na mchana mmoja.

Malizia kazi yako. Usije ukaiacha kwa sababu ya huruma. Imenigharimu mtoto, basi angalau ifanye kazi.

Baba yako


29 Mei

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Naandika kwa kifupi kwa sababu kikosi kizima kimesimama nyuma ya kiti changu.

Toleo la mwisho limekubaliwa, kesho linakwenda kwa watu wote. Kazi ya kupiga hodi tumemkabidhi mlinzi wa simu yenyewe, yaani mfumo wake, ambao haufagiwi, kwa hiyo mtu afagie atakavyo, barua yake itamfikia. Mkuu alitaka jaribio la mwisho lifanyike kwenye simu yake ya bei kubwa. Nikamwambia hapana, litafanyika kwenye simu ya kinyozi, na hakuna lingine. Hakubisha.

Nadhani muuza simu amekufikishia agizo nililompa jana kwa simu: leo fagia kama zamani, uiweke mfukoni, uendelee na kazi wala usingoje kitu. Nilifanya makusudi nisikuambie kwamba nitakuandikia. Ikitetemeka, nijibu neno moja.

Binti yako


29 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Imetetemeka.

Muuza simu aliniambia nifagie, nikafagia, simu na sakafu. Nilikuwa na mteja, nimemaliza nusu ya kichwa. Imetetemeka sawasawa, si paja, mpaka mashine ikaniponyoka ikaanguka na kuvunjika meno. Nilimwacha mtu wa watu na shuka shingoni, nikatoka mbio mpaka nje penye mwanga, maana mle ndani herufi sikuziona vizuri.

Waambie wenzio inafanya kazi. Wapige makofi, wamestahili, na wewe umestahili kuliko wote. Sasa hivi mteja ananiita, ana nusu kichwa.

Nilidhani ni yeye.

Baba yako